Pumzi ya Kazini

Mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, na kwa kuwa mmeomba kwa adabu, nitaandika. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwa kiasi gani. Mambo hayo sidhani kama kuna anayeyakumbuka, na mimi mwenyewe sina hamu nayo. Nitawaeleza juu ya kilima, juu ya chupa, na juu ya Mama Naomi Mkumbo, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Zile chupa za kioo zilizokaa rafu ya juu, ambazo mmekuwa mkizifuta vumbi bila kuuliza ni za nini, ndizo zilizokuwa kazi yetu. Moja kati ya hizo ilikuwa yake. Nitafika huko.

Mimi ni mtoto wa mjini Singida. Baba aliuza mafuta ya alizeti na sabuni. Bibi yangu, aliyeolewa huku bara akitokea pwani, alilalamika mpaka siku ya kufa kwake kwamba upepo wa Singida unamchanganyia unga na mchanga. Nimekua na upepo huo, ukigonga mabati mchana kutwa kama mdai. Nilipowaambia nyumbani kwamba nimepata kazi ya kupima hewa, baba aliniuliza kama siku hizi hewa nayo inauzwa kwa lita. Nikamjibu kwamba haiuzwi, inapimwa tu. Akasema, "Idrisa mwanangu, kinachopimwa leo kesho kitauzwa." Tangu nianze kusikia habari za biashara ya hewa ukaa kwenye redio, nimemkumbuka sana.

Kituo mnakijua: vyumba viwili, nguzo yenye kitambaa cha kuonyesha upepo, kipimamvua, na njia nyembamba inayokwenda mpaka kwenye jiwe la ukingoni, pale uwanda wa Iramba unapokatika. Kijiji cha Kinampanda kiko nyuma yetu, upande upepo unakokwenda, na ndiyo sababu kilima kile kilichaguliwa. Upepo unaokuja kutoka mashariki unalifikia lile jiwe kabla haujafika kwenye jiko la mtu yeyote. Siku ya kwanza nilishushwa barabarani na lori la vitunguu nikapanda kwa miguu, sanduku begani, kanzu yangu ya Ijumaa ikiwa ndani yake pamoja na chapati za mama.

Nilipofika juu nilimwona mama mmoja anakuja upande wangu, kanga kiunoni, mkono mmoja umeinua chupa ya kioo juu ya kichwa. Alikuwa anatembea haraka, mdomo umefumba. Nikashusha sanduku, nikainama kidogo, nikasema, "Shikamoo, mama."

Akanipita.

Ninyi mnaotoka huku mnaelewa. Mtu anaweza kukunyima chakula ukamwelewa, labda hana. Lakini ukinyimwa marahaba na mtu mzima unaanza kujikagua: nimekosa nini, nguo yangu ina nini, habari zangu zimefika kabla yangu? Nilisimama pale masikio yakiwaka. Yeye alifika kwenye jiwe, akaupa upepo uso wake, akanyoosha mkono mbele na juu, akafungua koki. Chupa ikafyonza hewa kwa mlio mwembamba, akaifunga. Ndipo akaachia pumzi, akageuka, akarudi akihema na kucheka.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Usinikasirikie. Nilikuwa na pumzi ya kazini."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Mafunzo mengine yote yalikuwa maelezo ya sentensi ile. Chupa huja kutoka makao makuu ikiwa imenyonywa hewa yote, haina kitu ndani. Unapoifungua inajaza hewa ya mahali ulipo na ya wakati huo, basi. Lakini pumzi ya mtu imejaa hewa ukaa kuliko hewa ya kilimani, na ukipumua karibu na chupa, maabara huko mbali watapima kifua chako wakidhani wanapima dunia. Kwa hiyo unautazama upepo ili joto na jasho lako vibebwe nyuma. Unavuta pumzi ukiwa mbali, unaibana, unatembea, unafungua, unafunga, ndipo unapumua. "Kila mtu ni jiko linalotembea," Mama Naomi alinifundisha. "Wewe ukitaka kuchota hewa safi, kwanza zima jiko lako."

Siku zile nilikuwa kijana na sikuwa na subira. Nilizifungua chupa huku nimebakiza kauli mdomoni, au nimetoka kucheka. Alizikataa zote. Hakupiga kelele, aliiweka tu chupa pembeni na kuniletea nyingine, na mimi nikarudi kule njiani kuanza upya, mpaka nikajifunza kutembea kimya ndani na nje.

Wanakijiji hawakufurahia kimya hicho. Njia yetu ya kwenda kwenye jiwe inakatana na njia ya kwenda kisimani, na wazee walikuwa wanapita pale kila asubuhi. Mzee Msengi, ambaye shamba lake linapakana na kituo, alikwenda kulalamika kwenye mkutano wa kijiji: kuna kijana wa mjini anawapita wazee kama anapita visiki. Tuliitwa. Mama Naomi alisimama mbele ya mkutano, akaeleza habari ya pumzi, na wengine wakacheka, wengine wakaguna. Mzee Msengi hakucheka. Akauliza, "Kwa hiyo salamu ya mtu mzima inaichafua hewa?"

"Salamu haiichafui, baba," Mama Naomi akamjibu. "Inayoichafua ni pumzi inayoibeba. Tunaomba mtusubiri kidogo tu, tuitoe tukirudi."

Wakakubaliana jambo ambalo sijaliona mahali pengine popote. Mtu akimkuta mpimaji na chupa mkononi, atanyoosha mkono kuonyesha amemwona, na atasimama palepale. Mpimaji akishafunga chupa ni lazima arudi mpaka pale alipo mzee na kumwamkia vizuri, bila haraka, na kuuliza habari za nyumbani zote. Mzee Msengi aliisimamia sheria hiyo kuliko sisi. Kuna asubuhi alisimama kwenye umande akinisubiri mpaka suruali yake ikalowa magotini, na nilipofika akapokea shikamoo yangu kama mtu anayepokea haki yake. Kwa njia hiyo kijiji kizima kilijua lini hewa inachotwa. Watoto wa shule walicheza mchezo wa kufumba midomo na kukimbia kuelekea upepo, na aliyepumua kwanza aliitwa moshi.

Sasa niwaambie kitu ambacho nimekifikiria sana nikiwa nimekaa kwenye lile jiwe. Makao makuu walikuwa wanaturudishia mchoro wa vipimo vyetu. Mvua zikinyesha na majani yakichipua, mstari ulishuka, kwa sababu majani yanainywa hewa ukaa. Kiangazi kikishika, nyasi zikikauka na moto ukitembea nyikani, mstari ulipanda. Ulishuka na kupanda, kila mwaka, kama kifua cha mtu aliyelala. Mama Naomi aliubandika ukutani juu ya meza ya chai. "Unaona?" aliniambia. "Inapumua." Ndipo akaniwekea kidole chini kabisa, kwenye mabonde ya ule mstari. Bonde la mwaka huu lilikuwa juu kidogo ya bonde la mwaka jana, na lile la mwaka jana juu ya la mwaka juzi. Haba na haba hujaza kibaba. Dunia ilikuwa inashusha pumzi, ila haishushi yote, na kila mwaka inaanza kuvuta nyingine juu ya ile iliyobaki. Mtu akipumua hivyo, alisema, tunampeleka hospitali.

Nilijifunza huruma pale. Nilikuwa naiona hewa kama kitu kilichopo tu, lakini baada ya mchoro ule nilianza kuiangalia kama unavyomwangalia mgonjwa wa nyumbani akiwa usingizini: unasimama mlangoni, unahesabu, unaondoka polepole.

Mwaka mmoja tulitumwa Rungwa wakati wa moto, kupima moshi wa nyika. Kule msituni jua lilikuwa jekundu mchana kweupe, na uliweza kulitazama kwa macho bila kuumia. Harufu ya asali na majivu ilituingia mpaka kwenye mkate. Mama Naomi alinieleza juu ya ozoni: ule moshi ukipigwa na jua hupikwa tena hewani ukawa kitu kingine, usichokiona, kinachowasha koo na kuyachosha mazao. Huko juu sana ozoni ni mlinzi anayetuzuilia jua kali. Ikizaliwa huku chini ni mwizi. Tulichukua chupa zetu vizuri, tukazifunga, tukaridhika. Nilipogeuka nikamwona mrina asali amekaa nyuma ya kichuguu upande ule upepo unakotoka, ametulia, kienge chake cha kufukizia nyuki kinafuka. Alikuwa ametusikia tukisema kwamba tumekuja kupima moshi, akaona atusaidie. Tulimshukuru kwa dhati, tukazitenga chupa zile, tukaanza upya. Alitupa sega zima la asali. Ninyi mkitumwa Rungwa, kwanza zungukeni vichuguu.

Nimesema mengi ya hewa ya mbali. Sasa nije karibu, mahali ambapo sipendi kuja.

Miaka ilikwenda, kikaja kile kisanduku cheupe mnachokitumia hadi leo, chenye kuhesabu vumbi laini na moshi, ile chembe ndogo inayopita puani bila kubisha hodi ikaenda kukaa mapafuni. Tuliagizwa kukizoea kabla ya kukifunga kwenye nguzo. Kilimani kikatupa namba ndogo, safi, za kujivunia. Mama Naomi akaniita nyumbani kwake, nyuma ya kituo, kula uji wa uwele, na mimi nikaenda nacho mkononi, nikakiweka juu ya kigoda jikoni bila kukizima.

Jiko lake lilikuwa jiko la nyumba nyingi za Iramba: mafiga matatu, kuni, mlango mmoja, na juu ya moto, kwenye fito, masuke ya mtama na mahindi ya mbegu yametundikwa, meusi kwa moshi. Alikuwa anapuliza kuni, macho yanamtoka machozi, anaimba wimbo wa kwaya. Nikaangalia kisanduku. Namba zilikuwa zinapanda. Ziliendelea kupanda mpaka zikafika mwisho wa uwezo wa mashine, na hapo zikasimama.

"Mama," nikasema, "hebu ona."

Akaja, akainama, akasoma. Alikuwa msomaji mzuri wa vipimo kuliko mimi. Kisha akacheka. "Hiyo mashine bado ngeni. Haijazoea ugali."

Nyani haoni kundule. Tulikuwa tumezoea kubana pumzi nje, penye hewa safi kuliko zote mkoani, tusije tukaiharibu, halafu tunaingia jikoni na kuvuta kwa kifua kizima. Nilimwambia tutoboe paa, tuweke bomba la kutolea moshi. Akakataa, na hakukataa kwa ujinga. Mbegu zile zilikuwa za mama yake na za bibi yake, zinapandwa mwaka hadi mwaka, na kinachozilinda na dumuzi ni moshi. "Moshi ukitoka, mdudu anaingia," akasema. "Msimu ujao nitapanda nini, bomba?" Nikanywa uji wangu.

Lakini tangu siku ile nilianza kumsikiliza. Zamani aliibana pumzi tangu penye nguzo. Sasa aliianzia karibu na jiwe. Baadaye alisimama palepale kwenye jiwe, akatulia, akavuta, akafungua upesi. Usiku alikohoa, binti yake aliniambia, na mchana alikuwa anapanda kilima kwa kupumzikapumzika. Daktari wa Kiomboi alimsikiliza kifua, akamuuliza kama anavuta sigara, na yeye akachukia swali hilo kuliko ugonjwa. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili yake, na niliogopa siku ambayo nitalazimika kumwambia asichukue tena chupa, kwa sababu kazi ile ndiyo aliyoipenda kuliko kitu chochote baada ya wanawe. Nilijua pia kwamba siku hiyo nisipoisema mimi, kifua chake kitaisema.

Kilisema kifua. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu imetoka kunyesha, ardhi inanukia, na hewa ya siku kama hiyo Mama Naomi hakukubali ichotwe na mtu mwingine. Alikwenda kwenye jiwe, akaupa upepo uso, akainua mkono, akafungua koki. Palepale kikohozi kikamshika. Alikohoa mdomo ukiwa juu ya chupa, chupa ikifyonza, na hata hivyo mkono wake haukuiachia. Aliifunga. Nilipomfikia alikuwa amekaa chini, chupa imelala mapajani kama mtoto mchanga.

"Imeharibika hiyo," akasema alipoweza kusema. "Usiitume. Wakiipima watasema Kinampanda kumelipuka volkano."

Nikacheka, naye akacheka, halafu sote wawili tukawa hatucheki tena. Akanipa chupa mkononi. "Zilizobaki ni zako, Idrisa," akasema. Sikuwahi kumwona akichukua nyingine.

Chupa zile zilikuwa za aina ya zamani, na muda si mrefu makao makuu walituletea kasha lenye pampu, wakatuambia zilizobaki zikae kituoni za kufundishia. Ya Mama Naomi nikaipandisha rafuni pamoja na nyingine, imefungwa kama alivyoifunga.

Suala la jiko lake tulilimaliza mwaka huohuo, yeye akiwa amekaa kivulini anatoa amri. Jibu alilipata mwenyewe, na lilikuwa jepesi kiasi kwamba nilitaka kujipiga kofi. "Mbegu ndizo zinazotaka moshi," alisema. "Mimi siutaki. Basi kwa nini tunalala chumba kimoja?" Tukajenga kibanda kidogo cha udongo pembeni, upande upepo unakokwenda, cha mbegu peke yake, kinachowashiwa moto wa magunzi na kufungwa mlango. Jikoni tukatoboa paa, tukaweka bomba na dirisha. Mzee Msengi alikuja kukagua, akazunguka kibanda, akasema mbegu za Naomi sasa zina nyumba nzuri kuliko ya mkwewe. Kabla ya mvua nyingine na yeye alikuwa amejenga cha kwake. Vipo vingi sasa pale kijijini, na bado jiko lenye moshi halikosekani. Mazoea yana taabu.

Moshi uliotoka kwa njia ya bomba ulitoka, lakini ule wa miaka yote uliokwisha kuingia haukutoka. Mama Naomi aliishi misimu kadhaa zaidi. Nilikuwa nampelekea mchoro kila ulipofika, naye anaufuata kwa kidole, anaweka kidole kwenye bonde, anatikisa kichwa. Mwisho alikuwa anapumua kwa kazi kubwa, kila pumzi anaitafuta. Alifariki asubuhi, binti yake akiwa amemshika. Mwenye kuijua pumzi kuliko sisi sote alikufa kwa kuikosa, na mpaka leo nikilifikiria hilo nakasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Wiki ya mwisho ya kazi yangu nilikuwa namkabidhi kituo Neema, ambaye mnamjua, ana akili na ananitania. Tulikuwa tunasafisha rafu. Chupa za zamani zilikuwa zimeombwa na shule moja, zioshwe zipelekwe. Akaishika ile moja, akaona koki bado imefungwa.

"Babu, hii ina hewa ndani?"

"Ina."

"Ya lini? Tuipeleke maabara? Hewa ya zamani ni mali."

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunitania. Kisha akanirudishia chupa, akasema, "Basi kaioshe wewe."

Nilitoka nayo. Ilikuwa asubuhi, na mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imetoka kunyesha. Ninyi mtasema nimeipangia siku, na siwezi kuwakatalia. Nilitembea ile njia hadi kwenye jiwe. Mabonde ya chini yalikuwa na ukungu, na uwanda wote ulikuwa umetulia mbele yangu kama bado haujaamka. Nikaupa upepo uso kwa mazoea. Halafu nikageuka, nikaupa mgongo, jambo ambalo sijawahi kulifanya nikiwa na chupa mkononi. Nikaisogeza karibu na uso wangu. Nikasema, "Shikamoo, mama," na nikafungua koki.

Haikutoa sauti yoyote. Ilikuwa imejaa tangu zamani.

Nilipoinua macho nilimwona Mzee Msengi kwenye njia panda ya kisima. Amezeeka sana sasa, ana fimbo mbili, na alikuwa amesimama kwenye umande na mkono mmoja umenyooshwa juu, ananisubiri. Nikarudi polepole mpaka alipo, nikamwamkia, nikamuuliza habari za nyumbani zote.

"Marahaba," akasema, akiniangalia macho yangu yaliyolowa. "Leo pumzi umeibana muda mrefu."

"Leo sikuibana, mzee," nikamwambia. "Leo nimeivuta."